Kwaya Imealikwa, Mama Ana Karatasi Gani?

Barua ya mwaliko kutoka ng'ambo ikisomwa mbele ya usharika, vigelegele hutangulia. Waimbaji wa sauti ya kwanza hutazamana, wale wa besi hujifanya hawakusikia, na kabla ya ibada kwisha yupo mtu aliyekwisha kuuliza kama huko kuna baridi na kama sare mpya zishonwe za kitenge au za kitambaa kizito. Neno viza hutajwa mwisho kabisa, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ni kazi ya karani tu.

Kwa kazi yetu ya kila siku sisi tu wauguzi hapa Mwanza, na kwa kujitolea tunatunza daftari la afya na la safari la kwaya. Tangu tulipokabidhiwa daftari hilo tumeona kwamba viza ndiyo inayoamua nani ataimba na nani atabaki kuwapungia wenzake mkono uwanja wa ndege, na haiamui kwa uzuri wa sauti. Inaamua kwa karatasi. Na karatasi, akina mama wenzetu, ndicho kitu ambacho wengi wetu hatuna.

Hebu tueleze yaliyotokea. Mwanzoni mwa mwaka 2023 kwaya yetu ilialikwa na usharika rafiki katika nchi moja ya Ulaya, ambayo hatutaitaja, kwa siku 12. Waliandikishwa watu 24: akina mama 14 na wanaume 10. Nauli na malazi wenyeji walijitolea kulipa. Wote 24 walikuwa wanaimba nyimbo zile zile, na wote walishika barua ile ile ya mwaliko. Majibu yalipotoka, walimu wa shule walipata, karani wa halmashauri alipata, fundi mwenye leseni ya karakana alipata, nasi wauguzi tulipata. Waliokataliwa walikuwa tisa, na wote tisa walikuwa akina mama. Wanne ni wauza dagaa wa Mwaloni, pale Kirumba. Wengine ni mama lishe wawili, mshona nguo mmoja wa Igoma, na wakulima wawili wa mpunga wanaokuja mazoezini kutoka ng'ambo ya Kigongo.

Kila mmoja alipewa fomu yenye visanduku, na kisanduku kilichotiwa alama kilikuwa kile kile kwa wote: kwamba kuna shaka ya kutosha kama mwombaji atarudi kwao kabla viza yake haijaisha. Mmoja wa wale wauza dagaa, mama wa watoto watano ambao wawili wako sekondari, alitafsiriwa maneno hayo mara mbili. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wao wanadhani nitawaacha watoto wangu nikakae kwenye theluji?" Kwaya haikwenda. Kuimba bila sauti ya kwanza ingekuwa sawa na kupika ugali bila unga.

Tangu siku hiyo tumejibidiisha kuelewa jinsi mambo haya yanavyokwenda, na tunaandika ili mama atakayesikia mwaliko ukisomwa katika usharika wake aanze mapema.

Afisa wa viza hamjui mama huyo. Hajamwona akiamka saa kumi usiku kungoja mitumbwi, wala hajui kwamba mtaa mzima humkopa. Anacho kifurushi cha karatasi na dakika chache. Maswali yake ni matatu tu: unakwenda kufanya nini, nani analipa, na nini kitakurudisha nyumbani. Mwenye mshahara huyajibu bila jasho. Ana hati ya mshahara, ana barua ya likizo kutoka kwa mwajiri, ana taarifa ya benki ya miezi sita. Sasa mtazame mama wa Mwaloni. Fedha yake hulala katika pindo la kanga na katika sanduku la kikoba, wala haijalala benki hata usiku mmoja. Nyumba anayokaa ameijenga kwa matofali aliyonunua kwa dagaa, lakini jina lililoandikwa kwenye karatasi za kiwanja ni la baba watoto. Alifunga ndoa kwa mahari na ng'ombe, cheti hakuna. Yeye mwenyewe alizaliwa nyumbani mikononi mwa bibi, cheti cha kuzaliwa hakuna. Mbele ya watu mama huyu ni nguzo ya nyumba. Mbele ya karatasi ni kama hayupo.

Lazima tuseme pia kwamba shaka ya balozi kuhusu wanamuziki ina historia yake. Wengi wetu tulicheza muziki wa Papa Wemba katika sherehe za harusi. Mwaka 2003 mwanamuziki huyo wa Kongo alikamatwa Ufaransa, na mwaka 2004 mahakama ya huko ikamtia hatiani kwa kusaidia watu kuingia Ulaya kinyume cha sheria, wakiombewa viza kama watu wa bendi yake. Tangu hapo orodha ndefu ya waimbaji kutoka Afrika husomwa kwa jicho kali. Wasio na hatia nao huumia. Katika tamasha la WOMAD la Uingereza mwaka 2018, Wazimbo wa Msumbiji ni miongoni mwa waalikwa walioshindwa kupanda jukwaani kwa sababu ya viza, na huyo ni mwanamuziki mwenye jina kubwa tangu zamani.

Jambo hili lipo hata kwetu, ila kwa udogo wake. Mara tu habari za mwaliko zilipoenea mtaani, tulijiwa nyumbani na mtu wa heshima zake, akitaka kijana wake aingizwe kwenye orodha kama mpiga ngoma. Kijana hajawahi kushika ngoma. Bahasha ilikuwa juu ya meza. Tulimrudishia kwa adabu, na mpaka leo akikutana nasi sokoni husalimia upande mmoja wa mdomo. Lakini mama akumbuke: mmoja akitoroka huko, hakuna atakayeuliza jina lake. Watauliza jina la kwaya, na mabinti wa kwaya hiyo watakaoomba miaka mitano baadaye watajibiwa kwa ajili yake.

Sasa tuseme habari za milango yenyewe, maana haifanani.

Mlango wa karibu ni wa majirani. Mtanzania haombi viza kwenda Kenya wala Uganda. Ukitoka Mwanza ukapita Magu, Bunda na Tarime unafika Sirari. Ukipita Bukoba unafika Mutukula. Na katika mipaka yote miwili maafisa wa nchi zote mbili hukaa mahali pamoja. Unahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji kwa safari za nchi jirani. Tangu Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilipoanza tarehe 1 Julai 2010, raia wa nchi wanachama huweza kuruhusiwa kukaa kama mgeni hadi miezi sita bila ada. Watu wengi husimama hapo wakidhani yamekwisha. Ruhusa hiyo ni ya kutembelea. Kuimba katika ibada ya jirani ni jambo moja, na kupanda jukwaani katika tamasha lenye kiingilio, ukalipwa, ni kazi, nayo inatakiwa kuombewa kibali maalumu cha muda mfupi na yule aliyewaalika, kabla basi halijaondoka. Mwalikaji asiyetaka kulizungumza hilo anataka kuwaokolea fedha zake kwa hatari yenu.

Huku nyumbani nako kuna mlango. Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na kanuni zake za mwaka 2018 zinamtaka msanii awe na kibali anapokwenda kufanya maonyesho nje ya nchi. Nguvu ya Baraza hilo ilionekana Desemba mwaka huo huo, pale Diamond Platnumz na Rayvanny walipofungiwa kuimba ndani na nje ya nchi kwa sababu ya wimbo wenye jina la mji wetu huu, ambao waliuimba jukwaani ingawa ulikuwa umepigwa marufuku. (Maneno ya wimbo wenyewe hayafai kuandikwa katika gazeti linalosomwa na watoto.) Walifunguliwa Januari 2019. Kwaya inayokwenda kuimba ibadani si bendi ya jukwaani, lakini sisi tulikwenda kwa Afisa Utamaduni na kumweleza safari yetu, naye akatuelekeza vizuri. Kuuliza hakukutugharimu kitu.

Ulaya ni mlango mwingine kabisa. Nchi 29 zimeungana katika eneo la Schengen, na viza moja ya muda mfupi inakutosha zote, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Unaomba katika ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Huwezi kuomba mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, wala usichelewe chini ya siku 15. Na kwa uzoefu wetu, kwaya inayongoja hizo siku 15 ijiandae kubaki. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi ukikataliwa. Lazima pawepo bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Kila mtu hutoa alama za vidole yeye mwenyewe, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa maana yake ni safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, watu 24, kwenda na kurudi, na kulala. Alama hizo hutumika tena kwa miezi 59, kwa hiyo mtunze karatasi za mara ya kwanza.

Lipo jambo moja jema ambalo viongozi wengi wa kwaya za vijana hawaambiwi. Sheria ya viza ya Schengen inawasamehe ada vijana wasiozidi miaka 25 wanaowakilisha vyama visivyo vya biashara, wakienda katika shughuli za utamaduni, elimu au michezo zilizoandaliwa na vyama vya namna hiyo. Msamaha huu unapaswa kuombwa kwa barua, ukitajwa waziwazi. Kwetu sisi vijana wanne waliondolewa ada kwa njia hiyo, na fedha ikalipia mabasi.

Uingereza haimo katika umoja huo. Ina viza yake. Mwimbaji wa kujitolea anaweza kwenda kuimba akiwa na viza ya kawaida ya mgeni, ambayo mwaka 2025 ada yake ilikuwa pauni 127. Mwanamuziki anayeimba kwa kazi, akialikwa na taasisi ya huko, tangu 31 Januari 2024 anaweza hata kulipwa akiwa na viza hiyo hiyo, mradi awe ametimiza miaka 18, shughuli iwe imepangwa kabla hajasafiri, na aifanye ndani ya siku 30 tangu aingie. Karatasi yoyote ya Kiswahili sharti iambatane na tafsiri yenye jina na sahihi ya mtafsiri. Barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye muhuri wa duara, ambayo hapa kwetu hufungua kila mlango, kule bila tafsiri ni maua ukutani.

Marekani tuipite haraka. Kwa miaka mingi waimbaji wa kujitolea, wasiolipwa, waliweza kuomba viza ya mgeni, na wale wa kulipwa wakaombewa na mwenyeji wao viza ya wasanii. Lakini mwaka 2025 mambo yalibadilika. Oktoba, Watanzania waliwekwa miongoni mwa wanaoweza kutakiwa dhamana ya maelfu ya dola, na Desemba likatoka tangazo la Rais wa huko lililozuia viza za wageni kwa raia wa Tanzania, kwa sehemu, kuanzia 1 Januari 2026. Kwaya iliyoalikwa huko iulize ubalozi kwanza kabla ya kuchangisha hata shilingi.

Popote mnapokwenda, swali linaloangusha kwaya nyingi ni la malipo. Wenyeji wanasema, "Tutawapa kitu kidogo." Kitu kidogo ni nini? Sadaka itakayokusanywa baada ya nyimbo inakwenda kwa nani? Je, CD zetu tutaziuza mlangoni mwa kanisa? Sheria za Uingereza kwa wageni, kwa mfano, zinakataza kuuza moja kwa moja kwa umma, kwa hiyo boksi la CD ndani ya mzigo linaweza kuleta maswali ambayo mama wa watu hakuyatarajia, akiwa amesimama peke yake mbele ya dirisha na Kiingereza cha darasa la saba. Tumewazoeza waimbaji wetu waseme yaliyomo katika barua, na tumewaomba wenyeji waandike katika barua yale yatakayotendeka kweli: tarehe za kuingia na kutoka, kila mahali tutakapoimba, nani analipa nauli, chakula, malazi na bima, kwamba waimbaji hawalipwi, na sadaka itatumwa wapi. Barua isemayo "tunawakaribisha kwa furaha ndugu zetu katika Kristo" inagusa moyo, lakini haijibu hata swali moja kati ya yale matatu.

Turudi kwa wale akina mama tisa. Usharika rafiki ulituambia utangoja. Tukajipa mwaka mmoja na nusu, na kila Jumamosi baada ya mazoezi tulikaa chini ya mwembe na daftari.

Tulianza na kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa, maana bila hivyo pasipoti haipatikani. Mama aliyezaliwa nyumbani miaka ya sabini huanza safari ya kutafuta cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, na mzee aliyekuwepo. Tangu pasipoti za kielektroniki zianze mwaka 2018 ada yake ni sh. 150,000, kwa hiyo tulianzisha mchango wa kila wiki, kama tunavyochangiana harusi. Kikoba chetu tulikisajili halmashauri kama kikundi cha wanawake, kikafungua akaunti, na kila mama naye akafungua yake. Tuliwaambia wasiweke fedha nyingi siku moja ili kupendezesha taarifa, kwa sababu maafisa hulitambua hilo mara moja. Yule wa dagaa alikuwa anaweka sh. 20,000 leo na sh. 35,000 keshokutwa, akitoa na kuweka kadiri samaki walivyopatikana na giza la mwezi lilivyokuja. Baada ya miezi kumi taarifa yake ya benki ilikuwa inasoma kama biashara, kwa sababu ni biashara. Yeye mwenyewe alishangaa kuona jumla. "Kumbe napitisha fedha zote hizi?" alisema, na hatukujua kama amefurahi au amekasirika.

Cheti cha ndoa kilileta furaha. Wenzi watatu waliooana kimila walibarikiwa ndoa zao siku moja, watoto wao wakubwa wakiwa wasimamizi.

Kiwanja ndicho kilicholeta vita. Mmoja wa akina mama wa mpunga alimwomba mumewe aandike mbele ya afisa mtendaji kwamba nyumba na shamba ni vya wote wawili. Mume akauliza, "Mama, unakwenda kuimba au unakwenda kugawana mali?" Alikataa kwa miezi minne. Mke alitaka kujitoa kwenye orodha ili nyumba ipate amani, na wapo wazee waliomshauri afanye hivyo. Sisi hatukumshauri. Tulimweleza mume, kwa heshima yake yote, kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na kwamba karatasi hiyo haimnyang'anyi kitu. Inasema tu yaliyopo. Akasikiliza, akatushukuru kwa kufika, akakataa tena. Aliyemaliza neno ni mama yake mzazi, bibi wa miaka zaidi ya 70, aliyekuja msimu wa kuvuna akasikia ubishi ule. Alimuuliza mwanawe swali moja tu wakati wa kula: "Kile kiwanja, mpunga wa nani ndio uliouzwa?" Asubuhi yake mume alikwenda kwa mtendaji mwenyewe, bila kusindikizwa.

Sasa neno la uuguzi, maana ndilo daftari letu la pili. Kwa safari ya Uganda kadi ya chanjo ya homa ya manjano hutakiwa, na anayerudi nyumbani kutoka nchi zenye ugonjwa huo anaweza kuulizwa mpakani. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 dozi moja inatambuliwa kwa maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Msilipe mara mbili. Lakini chanjo hii si ya kila mtu. Mama mjamzito, anayenyonyesha mtoto aliye chini ya miezi tisa, mwenye umri unaozidi miaka 60 anayechanjwa mara ya kwanza, na yule ambaye kinga ya mwili wake imeshuka, aonane na daktari kwanza; wapo watakaopewa barua ya kusamehewa badala ya sindano. Tuliwahi kumwona mama amepanga foleni ya chanjo na mtoto wa miezi mitatu mgongoni, akiogopa kusema ananyonyesha asije akaachwa. Hakuachwa. Alipewa barua.

Dawa za presha, za kisukari na zile za kila siku ziwekwe katika mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Mwenye dawa ambazo hapendi zijulikane na kwaya nzima aje kwetu kimya kimya. Hakuna anayelazimika kuzitangaza kwenye basi. Mjamzito ajue kwamba mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28. Na watoto walio chini ya miaka 18 wasafiri na barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili, iliyothibitishwa na wakili, hata kama baba na mama hawaishi pamoja. Hasa kama hawaishi pamoja.

Tuliomba tena Septemba 2024, watu 24, na wale tisa wote wakiwamo. Safari hii kila mama aliingia na kifurushi chenye karatasi za maisha yake, tafsiri zikiwa nyuma ya kila moja. Viza zilitoka 22. Waliokosa ni binti wa miaka 19 aliyemaliza shule na hana kazi, na mama mjane mmoja wa sauti ya pili ambaye mwaka wa kuzaliwa katika cheti chake haukulingana na ule wa pasipoti.

Kwaya iliimba siku 12, ikarudi watu 22. Tulikusanya pasipoti zote, tukapiga nakala ya ukurasa wenye mihuri, ule wa kuingia na ule wa kutoka, tukaziweka katika kabati la sare pamoja na barua kutoka kwa wenyeji inayothibitisha kwamba wote wameondoka. Muuza dagaa alikuwa Mwaloni Jumatatu alfajiri, akiwa na koti la baridi alilopewa huko, akiwauzia wateja kwa bei ile ile. Binti wa miaka 19 amejiunga na chuo cha ufundi. Faili la mama mjane tumeliweka juu ya mengine yote. Masahihisho ya cheti chake yako RITA, nasi tunafuatilia kila mwezi. Mwaliko uliofuata ni wa Kisumu, na jina lake liko la kwanza kwenye orodha, kwa kuwa huko hakuna viza.